Kauli ya Mwisho ni ya Nani? Historia ya Ushauri wa Vinasaba kwa Wajawazito

Mwaka 1938 alifariki huko Minneapolis, Marekani, daktari mzee aliyeitwa Charles Dight. Kwa miaka mingi alikuwa amelipigia debe jambo moja: serikali iwazuie kuzaa watu aliowaona kuwa na mbegu duni. Mwaka 1923 alianzisha chama cha kuieneza fikra hiyo katika jimbo la Minnesota, na miaka miwili baadaye bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwafunga kizazi watu waliohesabiwa kuwa na akili pungufu. Mwaka 1933 alimwandikia Adolf Hitler barua ya kumpongeza. Mali yake aliiachia Chuo Kikuu cha Minnesota ili kazi hiyo iendelezwe, na mwaka 1941 Taasisi ya Dight ikafungua milango.

Katika taasisi hiyohiyo, kwa urithi huohuo, ndimo ushauri wa vinasaba ulimopewa jina lake. Mwaka 1947 uongozi ulikabidhiwa kwa Sheldon Reed, mtaalamu wa vinasaba ambaye hakutaka kumwamulia mtu yeyote azae au asizae. Aliona kazi yake ni kueleza, kusikiliza, na kuiacha familia iamue. Kutoka kifo cha Dight hadi kuingia kwa Reed ni miaka 9 tu. Ukitaka kujua kwa nini mpaka leo mshauri wa vinasaba wa Ulaya au Marekani hujizuia kumwambia mama mjamzito "ningekuwa wewe ningefanya hivi", huna budi kuanzia hapo.

Zama za amri, 1883–1945

Francis Galton, Mwingereza na binamu wa Charles Darwin, ndiye aliyeipa fikra aliyoieneza Dight jina la yujeniki mwaka 1883. Alidai kwamba binadamu wanaweza kuboreshwa kizazi hadi kizazi kwa kuchagua nani azae na nani. Marekani iliipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1910 Charles Davenport alifungua ofisi ya kumbukumbu huko Cold Spring Harbor, New York, akawatuma wasaidizi, wengi wao wasichana waliotoka vyuoni, wapite nyumba kwa nyumba wakichora koo za watu: nani kifafa, nani mlevi, nani hana akili timamu. Mchoro wa ukoo anaouchora mshauri wa leo mbele ya wazazi ni jamaa wa karibu wa michoro ile. Tofauti ni kwamba ile haikuchorwa kwa ajili ya wenye ukoo.

Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, iliipa Virginia haki ya kumfunga kizazi msichana Carrie Buck. Mdogo wake naye alifungwa. Aliambiwa amepasuliwa kidole tumbo, akaolewa, akakaa miaka mingi akitafuta mtoto, na ukweli akaja kuujua uzeeni. Hivyo ndivyo yalivyokuwa mawasiliano ya zama zile. Zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi nchini Marekani chini ya sheria za aina hiyo. Ujerumani ilitunga yake mwaka 1933, ikawafunga watu wapatao 400,000, na kuanzia mwaka 1939 ikavuka mpaka: ikaanza kuwaua walemavu katika hospitali zake yenyewe.

Vita vilipokwisha na mambo hayo kuanikwa, mwanasayansi yeyote aliyetaka kuzungumza na wazazi juu ya kurithi magonjwa alijua anatazamwa kwa jicho gani.

Karatasi na kalamu, 1946–1965

Mwaka 1946 hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilifungua kliniki ya vinasaba chini ya John Fraser Roberts. Vifaa vyake vilikuwa karatasi, kalamu na subira. Mshauri alichora ukoo, akatafuta ugonjwa umepita wapi, akatumia kanuni alizozigundua Mendel kwenye njegere, kisha akataja uwezekano: 1 kati ya 2, 1 kati ya 4, au, kwa magonjwa yasiyofuata kanuni hizo, wastani uliokusanywa kwa familia nyingine zilizopatwa na jambo lilelile. Wazazi walikuja na swali moja: tukizaa tena, naye atakuwa hivi?

Reed alikuwa akiulizwa hayohayo Minnesota, pamoja na mengine yaliyotokana na jamii aliyoishi. Mashirika ya kupangia watoto wazazi walezi, kwa mfano, yalitaka kujua ngozi ya mtoto fulani itakuwa ya rangi gani akikua. Mwaka 1955 aliyakusanya mafunzo yake katika kitabu, *Counseling in Medical Genetics*. Msimamo wake ulikuwa mgeni katika udaktari wa siku zile, ambapo mgonjwa alipewa dawa na amri kwa pamoja. Tusimpambe kupita kiasi: uamuzi aliowaachia wazazi ulikuwa mwembamba mno. Ulikuwa kuzaa au kuacha. Mimba ikishatungwa, mshauri hakuwa na la kusema zaidi ya kuomba heri.

Wakati huohuo maabara zilikuwa zikikimbia. Mwaka 1956, huko Lund, Uswidi, Joe Hin Tjio na Albert Levan walithibitisha kwamba binadamu ana kromosomu 46, si 48 kama vitabu vilivyofundisha. Mwaka 1959 Paris ikatangaza kwamba watoto wenye Sindromu ya Down wana kromosomu ya 21 mara tatu badala ya mbili. Seli zilikuzwa na Marthe Gautier, katika idara ya Raymond Turpin, lakini jina lililotangulia kwenye chapisho na kupata umaarufu ni la Jérôme Lejeune. Baadaye Lejeune alitumia umaarufu huo kupinga kwa nguvu zote utoaji wa mimba uliofuata nyuma ya ugunduzi wake. Sayansi ikishatoka mkononi hairudi.

Copenhagen ndiyo iliyofungua mlango wenyewe. Mwaka 1956 Fritz Fuchs na Povl Riis walionyesha kwamba ukichota maji ya chupa ya uzazi na kutazama seli zilizomo, unaweza kujua kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Mwaka 1960 wakaeleza namna walivyoitumia njia hiyo kwa wanawake wabebaji wa himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda unaowapata zaidi wavulana. Sheria ya Denmark iliruhusu mimba kutolewa kwa sababu ya ugonjwa wa kurithi. Kipimo hakikusema kama kijusi kinaumwa. Kilisema tu kwamba ni mvulana, na mvulana wa mama mbebaji alikuwa na nafasi sawa ya kuwa mzima au mgonjwa. Wanawake wale waliamua juu ya mimba zao kwa nusu ya habari.

Sindano, 1966–1975

Mwaka 1966 Mark Steele na Roy Breg waliweza kukuza seli za maji ya chupa ya uzazi yaliyochotwa kwa sindano na kuhesabu kromosomu zake. Miaka miwili baadaye Sindromu ya Down ilikuwa imegunduliwa kwa mtoto aliye bado tumboni. Uingereza ilibadilisha sheria yake ya kutoa mimba mwaka 1967, na Mahakama Kuu ya Marekani ikafungua njia mwaka 1973. Sindano na sheria zilikutana, na swali la wazazi likageuka. Zamani waliuliza kuhusu mtoto ambaye hajatungwa. Sasa waliuliza kuhusu huyu ambaye mama yake ameshaanza kumtengea nguo.

Muda ulikuwa mkatili. Maji yalichotwa karibu na wiki ya 16, kwa sababu kabla ya hapo hayakutosha. Seli zilihitaji wiki mbili hadi tatu kukua maabara. Majibu yalimkuta mama amefika wiki ya 19 au 20, mtoto ameshaanza kucheza tumboni. Mwanasosholojia Barbara Katz Rothman aliwahoji wanawake waliopita njia hiyo, na mwaka 1986 akaandika jinsi walivyoishi wiki zile: wana mimba na hawana, hawatangazi kwa jirani, wanajizuia kumpenda mtoto mpaka karatasi ya maabara iwaruhusu. Hakuna mshauri aliyekuwa amelipanga hilo. Lililetwa na kasi ya seli kugawanyika.

Umri wa miaka 35, ambao bado unatajwa kliniki kana kwamba ni mpaka uliochorwa na maumbile, uliwekwa siku zile. Sindano yenyewe ilikuwa na hatari ya kuharibu mimba, na hoja ikawa kwamba mama apewe kipimo pale uwezekano wa kupata jibu baya unapokaribia kulingana na hatari hiyo. Maabara pia zilikuwa chache, ikabidi mstari uchorwe mahali. Jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 1986, lililowahusisha wanawake 4,606, ndilo lililopima hatari hiyo vizuri: mimba kama 1 katika kila 100 ilipotea kwa sababu ya kipimo. Lakini mlingano ule una hukumu ndani yake. Unachukulia kwamba kumpoteza mtoto mzima na kumzaa mtoto mwenye Down ni mambo ya uzito mmoja. Wapo wanawake waliopima hivyo, wapo ambao wasingepima hivyo kamwe, na hakuna aliyewauliza kabla ya namba kuwekwa.

Darasa la Bronxville, 1969–1979

Madaktari hawakuwa na saa nzima ya kukaa na mama mmoja. Melissa Richter, wa Chuo cha Sarah Lawrence huko Bronxville, karibu na jiji la New York, aliliona pengo hilo, na mwaka 1969 akaanzisha shahada ya uzamili ya kwanza kwa ajili ya watu ambao kazi yao itakuwa mazungumzo hayo tu. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 1971. Wengi wa wanafunzi wa mwanzo walikuwa wanawake waliorudi masomoni baada ya kulea. Joan Marks, aliyekuja kuiongoza programu hiyo kwa miaka mingi, alikuwa ametokea kwenye ustawi wa jamii, na alisisitiza kwamba anayejua kromosomu lakini hajui kukaa na mtu anayelia hajahitimu.

Kutoka kwa mwanasaikolojia Carl Rogers washauri hao wapya walichukua njia ya kutomwelekeza mtu: mweleze, msikilize, mrudishie maneno yake ayasikie, uamuzi ni wake. Njia hiyo iliwafaa kwa sababu tatu kwa mpigo. Iliwatenga na kivuli cha Dight. Iliwakinga katika ugomvi wa Marekani juu ya kutoa mimba, maana hawakuwa wakimwambia mtu atoe wala asitoe. Na iliwawezesha wanawake wasio madaktari kufanya kazi ndani ya hospitali za wanaume bila kuonekana wanatibu. Mwaka 1975 Jumuiya ya Marekani ya Vinasaba vya Binadamu ilitoa maelezo rasmi yaliyosema kwamba ushauri huu ni mwenendo wa mawasiliano, na kwamba familia ichague njia inayoiona inafaa kwa hali yake, malengo yake na imani yake. Mwaka 1979 washauri wakaunda chama chao cha kitaifa.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuingia kituo cha ushauri nasaha na upimaji wa VVU atayatambua mazungumzo haya: ushauri kabla ya kipimo, ushauri baada ya kipimo, na mshauri asiyekwambia ukamweleze nani.

Upimaji bila mazungumzo: selimundu na Orchomenos

Wakati Bronxville ikifundisha kusikiliza, nje mambo yalikwenda kombo. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ilikuwa imepuuzwa Marekani kwa sababu wagonjwa wake walikuwa weusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanaharakati, wakiwemo Black Panthers, waliipigia kelele, na mwaka 1972 ikapitishwa sheria ya kitaifa ya kupambana nayo. Majimbo kadhaa yaliharakisha kulazimisha upimaji, mengine kwa watoto wa shule, mengine kwa wanaotaka kuoa. Sheria kadhaa ziliandikwa na watu wasiotofautisha mgonjwa na mbebaji, yaani mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu, ambaye kwa kawaida haumwi. Watu wazima na afya zao wakanyimwa bima, wengine kazi. Wazazi wakarudi nyumbani wakiamini mtoto wao atakufa, kumbe ni mbebaji tu.

Mwaka 1971, huko Baltimore na Washington, Michael Kaback alianza kuwapima Wayahudi ubebaji wa ugonjwa wa Tay-Sachs, unaoua watoto wadogo. Kabla ya kuchota tone la kwanza, yeye na wenzake walikuwa wametumia zaidi ya mwaka kukaa na marabi, madaktari wa mitaa na wanajamii wenyewe. Watu walijipanga foleni kwa hiari yao. Mtu akisema tofauti ya matokeo hayo mawili ni ya kiteknolojia, amekosea. Wayahudi wa Baltimore waliulizwa. Weusi walitungiwa sheria.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha Orchomenos, mji mdogo wa wakulima nchini Ugiriki, ambapo karibu robo ya wakazi walikuwa wabebaji wa selimundu. George Stamatoyannopoulos na wenzake waliwapima watu, wakawaeleza, wakawashauri wabebaji wasioane, kisha wakarudi kuangalia kilichotokea. Ubebaji ulikuwa umegeuka aibu. Familia zilificha majibu, uchumba ulivunjika, na waliojulikana hadharani walitengwa na walio wazima. Ndoa za mbebaji kwa mbebaji zilikuwa zimeendelea kwa kiwango kilekile kama vile hakuna aliyepimwa. Maelezo yalitolewa na yakaeleweka. Kilichosahauliwa ni kwamba Orchomenos, kama kijiji chochote cha kwetu, posa haipelekwi na mtu mmoja.

Mmoja kati ya wanne, 1972–1979

Imani iliyoshikilia jengo lote ilikuwa kwamba mpe mtu namba sahihi, ataamua vizuri. Mwaka 1972 Claire Leonard, Gary Chase na Barton Childs waliwahoji wazazi waliokwisha kupewa ushauri kuhusu magonjwa ya watoto wao. Takriban nusu tu ndio walioelewa vizuri walichoambiwa.

Namba yenyewe ina mtego. Baba na mama wote wakiwa wabebaji wa selimundu, uwezekano wa kuzaa mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4. Mzazi mwenye mtoto mmoja mgonjwa husikia kwamba zamu imeshapita, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba huanza hesabu upya, wala haijui ya kaka yake. Na kinywa kinachotamka namba kinaipa sura: robo ya kuugua na robo tatu za kuwa mzima ni hesabu moja, lakini hazimwingii mama kwa mlango mmoja.

Utafiti uliozamisha zaidi ulitoka Montreal mwaka 1979. Abby Lippman-Hand na Clarke Fraser waliwasikiliza wazazi kwa makini, wakagundua kwamba hata wale wanaoikumbuka asilimia yao hawaamui kwa asilimia. Wanaigawa dunia mara mbili: litatokea au halitatokea. Kisha wanajiuliza maswali ambayo mshauri hakuyagusa. Tutaweza kumlea? Watu watasemaje tukijaribu tena huku tunajua? Ndoa itastahimili? Mshauri alikuwa amejibu swali la hesabu kwa watu waliouliza swali la maisha.

Muda unarudishwa: Saiprasi, London na Tehran

Mwaka 1978 Yuet Wai Kan na Andrée Dozy, huko San Francisco, walionyesha kwamba selimundu inaweza kutambuliwa tumboni kwa kusoma DNA ya seli za maji ya uzazi. Kabla ya hapo ilibidi damu ya kijusi chenyewe itolewe, kazi ya hatari. Katika miaka ya 1980 ikaja njia ya kuchota chembe za kondo la nyuma karibu na wiki ya 10 au 11, majibu yakapatikana tumbo halijaonekana hata na majirani.

Waliofaidika kwanza ni watu wa Bahari ya Kati, ambako thalasemia, ndugu wa selimundu, imeenea. Bernadette Modell, daktari wa London, aliwafuatilia Wasaiprasi waishio Uingereza kwa miaka mingi, na alichokikuta kiliwashangaza waliodhani kipimo kinapunguza watoto. Familia zilizojua hatari yao zilikuwa zimeacha kuzaa kabisa, na mimba ikiingia kwa bahati mbaya nyingi ziliitoa bila kujua mtoto ni mzima au la. Kipimo kilipokuja, zikaanza kuzaa tena. Huko Saiprasi kwenyewe, Kanisa la Orthodox lilianza miaka ya 1980 kudai cheti kwamba wachumba wamepimwa na kupewa ushauri kabla ya kufungishwa ndoa. Cheti hakikusema walichokuwa wamekuta wala hakikuzuia ndoa. Mawasiliano yalishurutishwa, uamuzi haukushurutishwa, na sijui nchi nyingine iliyoligawa jambo hili kwa ustadi kama huo.

Iran ilipita njia ndefu zaidi. Mwaka 1997 ilifanya upimaji wa thalasemia kabla ya ndoa kuwa wa lazima nchi nzima, na wachumba ambao wote wawili ni wabebaji walishauriwa kuachana au kukaa bila watoto. Wengi walioana vilevile. Kisha wakarudi kwa washauri na kudai kisichokuwapo: kipimo cha mimba na ruhusa ya kuamua. Madaktari waliyafikisha maneno hayo kwa wanazuoni, fatwa zikatolewa, na mwaka 2005 bunge likaruhusu mimba yenye ugonjwa mzito kutolewa kabla ya miezi minne. Kwa Wasunni, Baraza la Fiqhi la Makka lilikuwa limeshatoa rai mwaka 1990: kabla ya siku 120, wataalamu wakithibitisha ulemavu mkubwa usiotibika na wazazi wakiomba, inajuzu. Hapo mawasiliano yalikwenda pande zote mbili. Wachumba waliambiwa, nao wakajibu, na sheria ikabadilika.

Ukimya unahojiwa, 1991–2008

Mwaka 1991 Angus Clarke, daktari wa vinasaba wa Cardiff, Wales, aliandika katika jarida la Lancet makala iliyowaudhi wenzake. Alihoji kama ushauri usioelekeza unawezekana kabisa pale mama anapopewa kipimo cha mimba. Hospitali ya serikali inapotenga fedha, vifaa na wauguzi kwa ajili ya kutafuta ugonjwa fulani, imeshasema kitu kuhusu ugonjwa huo kabla mshauri hajafungua mdomo. Nakubaliana naye. Mkono unaokunyooshea kipimo una kauli yake.

Mwaka 1997 Susan Michie na wenzake wa London walichambua kanda za mazungumzo halisi, wakakuta washauri wanatoa ushauri, wanasifu na wanakosoa, ingawa kanuni ya taaluma yao ilikuwa kutoelekeza. Mwaka huohuo Seymour Kessler, mwalimu mkongwe wa taaluma, aliwakumbusha wenzake kwamba kutoelekeza hakujawahi kumaanisha kunyamaza. Kulimaanisha kumjenga mtu mpaka aweze kuamua mwenyewe. Wengi walikuwa wamejificha nyuma ya kanuni. Mama anauliza, "Daktari, nifanyeje?", naye anajibiwa, "Uamuzi ni wako." Jibu hilo lina heshima ndani yake, ila mara nyingine ni kumtelekeza mtu kwa adabu.

Mwanaanthropolojia Rayna Rapp alikaa miaka mingi katika kliniki za New York, na mwaka 1999 akatoa kitabu *Testing Women, Testing the Fetus*. Alionyesha jinsi maelezo yaleyale yanavyopokelewa na Mhaiti, na mwanamke wa Puerto Rico, na Myahudi wa tabaka la kati, kila mmoja akiyapima kwa mume, mama mzazi, kanisa, mshahara na watoto waliokwisha kuzaliwa. Mkalimani naye hakuwa bomba tupu la kupitishia maneno. Wakati huohuo watetezi wa haki za walemavu, Adrienne Asch akiwa mstari wa mbele, waliuliza kwa nini mama anaelezwa kasoro za moyo na za akili za mtoto mwenye Down lakini hakutanishwi na familia inayomlea. Mwaka 2008 Marekani ilipitisha sheria ya kutaka wazazi wapewe habari kamili na za wakati. Chama cha washauri kilikuwa kimeshaandika upya maelezo ya kazi yake mwaka 2006: kumsaidia mtu aelewe na aweze kuishi na kile alichoelewa.

Bomba moja la damu, 1997 hadi sasa

Mwaka 1997 Dennis Lo, akiwa Oxford, alitangaza kwamba DNA ya mtoto huelea ndani ya damu ya mama. Mwaka 2011 kampuni zilianza kuuza kipimo kilichojengwa juu ya ugunduzi huo: damu ya mkononi, wiki ya 10, bila sindano ya tumboni na bila hatari ya kuharibu mimba. Mpaka wa miaka 35 ulikuwa umeshaanza kufutwa; tangu mwaka 2007 madaktari wa uzazi wa Marekani walitakiwa kuwapa uchunguzi wanawake wote.

Pamoja na hatari ilipotea na saa ya mazungumzo. Sindano ilikuwa ikimlazimisha daktari aketi na mama kwanza. Damu huchotwa pamoja na ile ya wingi wa damu na kaswende, na mama huenda asijue ameulizwa nini. Kipimo hiki, zaidi ya hayo, huchuja tu, hakithibitishi. Jibu la "hatari kubwa" kwa binti wa miaka 20 lina nafasi ndogo ya kuwa kweli kuliko jibu hilohilo kwa mwanamke wa miaka 40, kwa sababu tatizo lenyewe ni adimu kwake. Anayeamua juu ya mimba kwa karatasi hiyo peke yake amerudi Copenhagen ya mwaka 1960.

Kwetu

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia damu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alisafiri nchini humo mwaka 1949 akikusanya sampuli, akaona wabebaji wa selimundu ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alitoa sababu: ubebaji unamkinga mtoto na malaria kali. Ni kinga iliyogeuka deni, wala si mkosi wa ukoo, na ingefaa kila mkwe anayemlaumu mke wa mwanawe alisikie hilo, maana mtoto mgonjwa hupokea kinasaba kimoja kwa mama na kimoja kwa baba.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kupima mimba kwa ajili ya ugonjwa huu kulianzishwa Lagos katika miaka ya 1990, kisha Kamerun kupitia Ambroise Wonkam na wenzake. Kwetu sheria imeuweka uamuzi mahali pengine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania huruhusu mimba kutolewa ili kuokoa maisha ya mama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hutaja dharura na hatari kwa uhai au afya yake. Ugonjwa wa kijusi haukutajwa. Ndiyo maana mazungumzo mengi hapa hufanyika baada ya mtoto wa kwanza kulazwa, wakati yangeweza kufanyika kabla ya posa.

Nayo habari ya kuwaeleza wazazi imebadilika. Jaribio la REACH, lililofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba dawa ya hydroxyurea hupunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vya watoto wenye selimundu. Mshauri anayewaelezea wazazi ugonjwa wa miaka ya 1970 anawapotosha, hata kama hesabu yake ya 1 kati ya 4 ni sahihi.

Wewe unayepanga kuoa au kuolewa, hasa kama ukoo wako ni wa Pwani au wa kanda ya Ziwa, kapimeni himoglobini wote wawili, na mkitaka mwende na shangazi au mjomba mnayemwamini, nendeni naye. Mkipewa majibu msinyanyuke kitini mpaka kila mmoja wenu ameweza kumweleza mshauri, kwa maneno yake mwenyewe, alichoambiwa.